Zamu Yangu kwa Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Nesi kaja kumtazama Mzee. Kampima, kakunja vitu vyake. Mlangoni akamwambia Dada kwamba dawa zilizobaki ni za maumivu tu, wanaotaka kumuaga baba yao waanze. Kasema kwa sauti ya chini eti nisisikie. Masikio yangu mazima. Kilichochakaa ni magoti.

Basi nyumba ya Mzee imejaa. Dada, mkubwa wetu, anayetuamrisha tangu tuna meno ya utoto. Mdogo wangu wa kiume, tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hata akiomba chumvi anahutubia. Kitinda, wa mwisho, bibi mwenye wajukuu lakini bado analia akivutwa nywele. Na mimi, fundi makochi, wa kucheka mahali pasipochekwa.

Macho ya Mzee yalizima zamani. Ulimi upo. Nilipomsalimia akauliza nani. Nikamwambia ni mtu wa serikali, nimekuja kuhesabu wazee.

“Andika hayupo,” kasema.

Jumanne, 5 Machi

Leo asubuhi kamwita Dada. Peke yake. Mlango wa chumba kile haufungi mpaka uusukume kwa bega — nikalisikia bega.

Nikasogeza stuli. Nikaambulia minong'ono na kikohozi. Dada katoka macho mekundu, lakini mdomo ni wa mtu aliyemung'unya sukari. Nikamuuliza Mzee kasemaje. Eti ni mambo yake na baba yake. Baba yake! Mimi labda nilizaliwa na jirani.

Mchana kaitwa Mheshimiwa. Kavaa koti kwanza, kuingia chumba cha baba yake mzazi. Alipotoka akaenda moja kwa moja jikoni akaosha vyombo. Mtu ambaye sinki analijua kwa kusimuliwa. Kaosha mpaka sufuria zilizokuwa safi, huku anaimba kwa pua.

Hapa kuna kitu.

Jumatano, 6 Machi

Zamu ya Kitinda. Kakaa ndani mpaka chai ikapoa. Wakati wa kula akachukua nyama ya sahani yake akaniwekea mimi, bila neno. Na jicho lile — jicho la kumtazama mtu ambaye nyumba yake itabomolewa kesho na hajaambiwa.

Wanagawana nini hawa? Nyumba haiwezekani. Mzee aliigawa zamani mbele yetu wote, mimi nikapewa chumba kinachovuja. Nikawaza mengine: labda mimi wa kuokotwa, wamekubaliana nisiambiwe. Nikaenda kwenye kioo. Masikio yale yale ya Mzee, kama vishikio vya sufuria. Nimefanana naye kuliko wote, bahati mbaya yangu.

Nikakaa karibu, nisije nikaitwa nisisikie. Jioni Mzee kasema amechoka, anataka kulala.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemtengenezea godoro. Lilishabonyea kiunoni. Nikakata sponji kwa kisu changu cha kazi, nikaingiza kidogo kidogo huku Dada kamgeuza ubavu. Mzee maisha yake alikuwa fundi cherehani, na nilipoacha cherehani yake nikakimbilia makochi alisema mbele ya wateja: mimi nawashonea watu mwili mzima, huyu anashonea makalio. Leo nikamuuliza, “Makalio yanasemaje?”

“Yanashukuru.”

Makalio ndiyo yanayoshukuru. Si yeye.

Nikangoja kidogo. Nikakusanya vipande vya sponji taratibu, kimoja kimoja. Hakuna neno. Dada kaniambia nikitoka nifunge mlango.

Basi nikamtega Kitinda. Yuko uani anaanika mashuka. Nikamwambia nimeshaambiwa kila kitu na Mzee, hata lile lake.

“Kakwambia?” Kashika mdomo. “Mbona mimi kanikataza, Kaka? Kasema mkisikia mtaumia.”

“Tuumie kwa lipi? Sisi watu wazima.”

“Sikuomba mimi. Ni mwenyewe kasema, katika watoto wote, mimi ndiye wa moyoni mwake.”

Nikatikisa kichwa kwa busara. Nikaenda kwa Dada anakunja nguo, nikasema kama ninaongea na ukuta: wa moyoni. Soksi zikamdondoka. Akauliza nani kaniambia. Nikaenda kwa Mheshimiwa. Nikasema lile lile. Kakohoa, kasema suala hilo ni nyeti na yeye hayuko tayari kulizungumzia kwa sasa.

Mzee kawauzia watu watatu kiwanja kimoja! Na kila mmoja anatembea na hati yake mfukoni anawaonea huruma wenzake. Nimecheka mpaka nikakaa kwenye ngazi.

Halafu kicheko kikakata chenyewe. Na mimi je? Hata wa kudanganywa simo?

Ijumaa, 8 Machi

Sijaitwa. Sina shida. Kuna kochi la mteja kibandani, limefumuliwa, springi ziko nje. Sijaenda.

Mzee hali chochote. Kijiko kimoja cha uji kinapita, kingine kinarudi.

Nimepita mlangoni pake nikikohoa. Nikapita tena. Dada kauliza kama nina mafua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya jambo. Niliandike kabla sijaanza kulisimulia kwa namna ya kuchekesha.

Sauti ya Mheshimiwa naiweza tangu utotoni, mpaka Mama nilikuwa namdanganya. Asubuhi hii kaingia kuoga, na yeye akioga ni mkutano mzima. Dada na Kitinda wako dukani. Nikasukuma mlango kwa bega. Nikakohoa mara mbili, kiheshimiwa.

“Nani?”

“Ni mimi, Baba. Nimeona ni vyema nipite.”

“Si ulishapita?”

“Nilipita. Ila naomba ufafanuzi kuhusu lile jambo.”

Kalamba midomo. Kisha akasema, kama mwenye duka anayeulizwa bei ile ile, kwamba katika wote mimi ndiye wa moyoni mwake na nisiwaambie wenzangu. Hata kichwa hakugeuza. Ameshaikariri. Na mimi nilijua ni uongo, na nilijua si wangu. Lakini uliingia. Kwa mlango wa nyuma, lakini uliingia.

“Kaka yako yuko wapi?” kauliza.

“Uani.”

“Anacheka?”

“Kidogo.”

“Yule ndiye anayenipa kazi. Nyie niliwaambia nikamaliza. Yeye, kila nikipata neno namsikia analicheka kabla halijanitoka. Nashona nafumua, nashona nafumua.” Akapumzika. “Wewe umesoma. Ungekuwa mimi, ungemwambia nini?”

Koo nilikuwa nalo la Mheshimiwa. Maneno yake sikuyapata hata moja.

“Usimwambie kitu, Baba. Mwite akae na wewe tu.”

“Atakaa kimya yule?”

“Atajaribu.”

“Hajawahi.”

“Hajawahi kuitwa.”

Hapo sijui nilitumia sauti ya nani. Mzee akageuza kichwa, taratibu, upande wangu.

“Kamwite,” kasema.

Nikatoka. Koridoni nikakutana na Mheshimiwa na taulo lake, kauliza kuna nini. Nikamwambia hoja yake imepita. Nikasimama pale kidogo, nikarudi ndani kwa koo langu mwenyewe.

“Nipo, Baba.”

“Umekuja upesi. Mdogo wako hata mlango hajaufunga.”

Anajua? Nimemtazama sana. Uso ule haujawahi kumwambia mtu kitu, hautaanza leo. Kama anajua, mbona kaniacha niseme? Na kama hajui, mbona katabasamu? Au ni mdomo tu umekauka.

Basi nimekaa. Daftari nimelishika kwa sababu nikiweka kalamu chini nitafungua mdomo. Vichekesho vimepanga foleni. Kuna kimoja kizuri sana kuhusu hili godoro. Nimekimeza.

Kauliza naandika nini. Nikatikisa kichwa — kumtikisia kichwa kipofu, mjinga mimi. Hajauliza tena. Anasikiliza kalamu.

Pumzi yake inatoka, inakaa huko nje, halafu inarudi kama mtu aliyesahau funguo.

Dada karudi, kachungulia. Katukuta wawili tumenyamaza, kashtuka kuliko kama angetukuta tunapigana. Kaufunga mlango mwenyewe.

Mkono wa Mzee umetoka kwenye shuka. Unapapasa. Unakuja upande huu, lakini upande huu ndiko iliko pia bilauri ya maji, juu ya stuli, karibu na goti langu. Anatafuta nini? Kuuliza siwezi, nimeshamwahidi, kwa sauti ya Mheshimiwa, kwamba nitajaribu kukaa kimya. Nikimpa maji na kumbe si maji. Nikimpa mkono na kumbe ana kiu, nitakuwa nimejitia mahali ambapo —

Vidole vimefika ukingoni mwa godoro. Vimesimama. Havirudi nyuma, vinangoja. Naweka kalamu, nimpe mkono.