Ukurasa Wako Sifungi

Conso,

Nianze na hili, maana najua ndilo ungeniuliza la kwanza: ukurasa wako wa mtandaoni sijaufunga, na sitaufunga. Kaka yako Faustin amesema mpaka povu likamtoka. Eti mtu akishakufa, picha yake haikai hadharani inacheka na miwani ya jua. Nikamwambia miwani ni ya Diane, amuulize Diane. Neno la siri analo huyo mwanao, na yeye kasema hapana.

Unakumbuka siku tulipoufungua? Tulikuwa kibandani kwetu hapa Gitega, hii ya kwetu, si ile ya upande wa Bujumbura, mikono inanuka dagaa, hizi ndagala zetu, wewe unamwamuru Diane aandike kila unachosema. Alipouliza ulisoma wapi, ukamwambia andika: Mtoto wa Barabara ya Saba, Buyenzi, Bujumbura. Akasema, mama, hiyo si shule. Ukamjibu, "Wanaonijua watanijua hapo hapo." Halafu ukaanza kusubiri. Kila jioni, "Kuna mtu?" Hakuna mtu, sha. Nikakutania, mimi mtoto wa barabara hiyo hiyo, kwamba wenzetu wa Buyenzi wameshakusahau, ukanirushia kitambaa cha kufutia mizani. Ukaondoka hujampata hata mmoja. Siku tunakuzika, hilo ndilo lililoniuma.

Sasa sikia. Ilipofika siku yako ya kuzaliwa, ya kwanza tangu ututoke, Diane alikuja mbio na simu. Kuna mtu amekuandikia. "Heri ya kuzaliwa, Conso wangu wa Barabara ya Saba. Mungu akupe umri mrefu. Ni mimi, Zubeda."

Zubeda! Zubeda wa mlango wa kijani! Nilicheka, nikalia, mteja akaacha ndagala zake kwenye mizani akaenda zake. Umri mrefu, anamtakia marehemu. Nilikukasirikia siku hiyo, Conso, nakwambia ukweli. Si ungengoja kidogo tu?

Mimi ndiye niliyempa habari. Hakuweza kuandika, akatuma sauti, na ndani yake hakuna neno, kilio tu, na nyuma ya kilio adhana ya msikiti wetu wa zamani. Baadaye akawatafuta wengine. Goreth, kumbe yuko Ndera, analima karoti! Mwajuma, kumbe yuko Kicukiro, na miaka yote hii tunapishana naye sokoni hatutambuani, tumenenepa wote. Tukafungua grupu, jina lake Barabara ya Saba, na picha yake ni wewe na miwani yako. Asubuhi hatusalimiani kabla Zubeda hajatutukana kwanza kwa kuchelewa kuamka.

Kisha Diane akapata mchumba. Kijana mzuri, mpole, usihofu. Siku ya gusaba ikapangwa, na unajua posa zetu zilivyo: upande wa msichana wazee wake wanakaa mbele, na kiti cha mama hakiachwi kitupu. Faustin akaamua akikalie mke wa bosi wake. Mama mwenye heshima zake, sikatai, ila hata jina la Diane alikuwa anauliza. Kwenye kikao cha wazee nikasema kiti hicho ni cha Zubeda. Faustin akacheka. "Hao ni watu wa simu," akasema. "Familia haiokotwi kwenye simu."

Yewe! Nilisimama, kikombe cha chai mkononi, wazee wote wananitazama. Nikamuuliza: mama yenu alipofariki kule Bujumbura, wakimbizi wadogo msio na mtu, nani aliwafungulia mlango? Si mama yake Zubeda? Conso alilala mkeka mmoja na Zubeda, nawe Faustin ukalala na kaka zake. Mkatoliki mzima, ukawa unaiwahi futari kabla ya waliofunga! Leo huyo ni mtu wa simu? Mzee mmoja akakohoa. Faustin akainama akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana, nami nikahesabu kwamba nimekubaliwa.

Ila mpaka wetu na upande wa Bujumbura umefungwa, Conso. Zubeda angekuja kwa miguu, lakini hakuna kupita. Faustin akaniambia, "Umeona sasa?" Nikamwambia nimeona. Kiti nakiona, na simu ninayo.

Siku ilipofika niliweka agaseke juu ya kiti chako, nikaiegemeza simu kwenye kile kikapu, Goreth akakaa kando na betri ya akiba mapajani. Na Zubeda huyo hapo, sebuleni kwake Buyenzi, amevaa vazi letu la sherehe, mushanana wa kuazima, na mtandio wake kichwani, amekaa wima hata kope hapepesi. Wageni wakaanza kunong'ona. Wacha wanong'one. Mke wa bosi alikaa safu ya pili, akala vizuri.

Bwana harusi alipoitwa kusalimia wazazi, nilisogea karibu na kiti. Nikajiwazia, akikiruka kiti hiki, nitafanya fujo hapa hapa. Hakukiruka. Alikuja, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu anayesalimia mkubwa, akaiinamia simu. Zubeda akamwambia kwa Kiswahili chetu kile kile, "Mwanangu, huyu ni mtoto wa dada yangu. Umtunze." Diane akapiga magoti mbele ya kiti, mimi nikashindwa kutazama. Ulitakiwa uwepo. Sina namna nyingine ya kulisema. Ulitakiwa uwepo, na hupo, na bado nina hasira.

Juzi Faustin amepita kibandani. Amezungukazunguka, amesifia ndagala, mwisho akaniomba nimwingize kwenye grupu. Nimemwambia asubiri.

Nitamwingiza, usijali, ni kaka yako. Lakini ukurasa wako haufungwi, aniombe asiniombe. Uliuliza kila jioni kama kuna mtu. Wapo, Conso. Wamekuja wote. Lala salama, rafiki yangu. Na siku yako ya kuzaliwa ikifika tena, sitamwachia Zubeda anitangulie: mimi ndiye nitakayeandika wa kwanza, mbele ya macho ya watu wote, umri mrefu.

Wako wa kibandani,
Jeanne