Fabiola, Soma Kama Nilivyoandika

Bukavu, tarehe 11 Juni 2023
Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke nyumbani

Kwako Maman mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti lako linaendeleaje, na kile kikohozi kimepungua? Mimi nipo, mwili tu umechoka kwa kubeba mawe. Najua anayekusomea ni mwanangu Fabiola, naye namsalimu. Ila Philémon, dereva wa lori, aliniambia unafurahi kwamba nakula nyama kila Jumapili. Maman, sijawahi kuandika habari ya nyama. Mjukuu wako anaongeza chumvi.

Uliuliza mtaa ninaokaa ukoje. Uko kilimani, kando ya njia ya Kavumu, ziwa likiwa chini yetu. Nilipofika palikuwa mashamba ya maharagwe na migomba. Leo ni nyumba juu ya nyumba, na njia ya magari tuliichimba wenyewe kwa majembe siku za salongo, wakati mtaa mzima unatoka kufanya kazi pamoja. Maji ndiyo bado tunayangojea. Nyumba zinajengwa polepole, na isiyokwisha haiachwi peke yake: kibarua mmoja hulala ndani kama sentineli, mabati na milango visiibwe. Ndiye mimi. Nimelala katika sebule kubwa kuliko kanisa letu, lakini vioo vikishawekwa madirishani nakunja mkeka, naenda kwenye nyumba nyingine isiyo na vioo. Wenzangu wananiita Papa Bila Madirisha.

Asubuhi nikichanganya simenti naona watoto wakishuka, shati jeupe na sketi ya buluu. Masista wamefungua sekondari hapa chini, madarasa ya matofali. Kengele ikilia, mikono yangu inasimama yenyewe. Yuko msichana mmoja anayetembea kama Fabiola, kichwa mbele, kama mtu aliyechelewa. Humwangalia mpaka aingie getini, ndipo narudi kwenye sepetu.

Huko kwetu shule inaishia darasa la sita. Baada ya hapo wasichana wanakwenda kutwanga mawe ya dhahabu, na mikono yako mwenyewe inaijua kazi ile.

Sasa Fabiola, hapa usiongeze chumvi, wala usiruke kitu. Soma kama nilivyoandika.

Maman, mwenye nyumba hii, Maman Adolphine, alinikuta nakunja mkeka. Akaniambia: “Papa Fabiola, utahama mupaka lini? Kaa ku anekse, ulete mutoto asome.” Hicho chumba cha uani alichonipa kina dirisha lenye kioo. Siku ileile nilishuka kwa masista, nikaandikisha jina la mtoto kabla ya kukuuliza wewe. Mama yake alipofariki, ulimbeba mgongoni wakati ulipaswa kupumzika. Najua pia hutaliacha kaburi la Papa. Akija huku, nani atakuchotea maji? Barua zangu nani atakusomea, hata zile zenye nyama? Nimewaza usiku na mchana. Nataka nimwone akiingia getini, na nakuona wewe umebaki mlangoni peke yako.

Wasalimie majirani wote. Usinijibu kwa barua. Wiki ya kwanza ya Agosti, njia ikiwa bado kavu, nitapanda lori la Philémon. Nitakaa chini mbele yako, na neno utakalolisema kwa mdomo wako, Maman, ndilo nitakalorudi nalo Bukavu.

Mwanao,
Elysée