Mkopo wa Kumfuata Bi Kioo

Kaka yangu mpenzi,

Salamu kwanza, mengine baadaye, ingawa hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha mezani. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba bado unainamia mageti ya watu kutwa nzima ukichomelea, na dawa hunywi. Kunywa dawa, kaka. Na watoto, hawajambo? Mimi mwilini sina neno, nakula na kulala. Kasoro iko moyoni, na huko hakuna hospitali.

Siku ile nilipokuomba uwe mdhamini wa mkopo wangu, na karakana yako iwe dhamana, uliniuliza swali. Ulisema hutaki kujua chuo ninachotaka kuhamia ni kikubwa kiasi gani. Unataka kujua nitafundishwa nini kule ambacho hapa sifundishwi. Nikakujibu kwa mkato kwamba wewe mambo ya vyuo huyaelewi. Ukasema basi, utatia sahihi. Laiti ungenigombeza.

Unamkumbuka Bi Kioo, yule niliyekuwa nakaa naye benchi moja hapa chuoni, asiyepita mbele ya dirisha bila kujitazama? Mwaka jana alichukua mkopo akahamia chuo hicho. Siku anaondoka nililia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini hata mwezi haujaisha, akaanza kunitumia sauti kwenye simu: huku kwetu kila mtu ana taa yake ya mezani, huku kwetu meno bandia tunayachonga kwa mashine ya kompyuta. Huku kwetu! Mtu hata begi hajamaliza kulifungua, tayari ni kwao. Kaka, neno lile liliniwasha mwili mzima. Nikawa nakaa kwenye benchi letu la kutengenezea meno bandia, lenye kichomeo kimoja cha kuyeyushia nta kwa watu wanne, naona kila kitu ni upuuzi, hata mwalimu wangu niliyempenda.

Wenzangu walipouliza mbona nimenuna, nikasema ni wivu wa maendeleo. Unajua neno hilo linavyosaidia: ukishabandika maendeleo mwishoni, hata husuda inavaa tai. Nikaomba nafasi, nikakubaliwa. Wakasema watatambua nusu tu ya masomo yangu, kwa hiyo mwaka wa pili niurudie wote, na mkopo uongezeke kwa huo mwaka. Hilo sikukwambia. Nilijisemea maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Juma lililopita nilikwenda kukiona hicho chuo. Nisikufiche, nilitamani nikikute kibovu. Nilitafuta hata nyufa ukutani, sikuona. Bi Kioo alinipokea langoni akiwa na koti jeupe lililodariziwa jina lake kifuani, akanikumbatia mbele ya wenzake wapya, akawaambia huyu ndiye mwenye jicho la rangi, hakosei. Amenawiri, anacheka ovyo. Nikamuuliza habari za deni, huku nikiomba kimoyomoyo aseme linamkosesha usingizi. Akasema linamtisha, ndiyo, lakini yeye alifuata meno ya kauri, na meno ya kauri ndiyo anayoyapata, kwa hiyo analala.

Kisha tukaenda kwa karani wa usajili, akaniuliza nimechagua fani gani. Papo hapo nikajibu: kauri. Kaka, mimi na kauri wapi na wapi? Wewe unakijua ninachokipenda. Ni seti nzima ya mzee aliyebaki na ufizi mtupu, kupanga jino moja moja kwenye nta, halafu kumtazama anavyouma mkate kwa mara ya kwanza huku akiogopa. Hayo yanafundishwa hapa hapa, na yanafundishwa vizuri. Nilikuwa nimechagua kama mtu anayeagiza chakula kwa kuchungulia sahani ya jirani.

Ila bado sijakwambia lililo baya. Jioni ile Bi Kioo alinitolea jino la mtihani wake, la kukabidhi kesho yake asubuhi. Akaliweka kiganjani mwangu kando ya kibao cha kulinganishia rangi, akaniomba nimwambie kama imekaa. Ilikuwa imekaa. Sijawahi kuona jino la kutengenezwa lililo hai vile. Nikaligeuzageuza kwenye mwanga, nikamwambia lina unjano mwingi, mwalimu atalikataa. Nikamwona anavyonywea, maana kauri ikikosewa rangi huna la kufanya ila kuanza upya. Nikaaga, nikapanda basi, na nilikuwa na furaha, kaka. Furaha! Tulipofika nusu ya safari ndipo nikaanza kujiogopa.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Kule sikuwa nafuata la kufundishwa. Nilitaka uweke karakana yako rehani ili nikakae karibu na mtu, nimharibie. Hicho ni kijicho, hakina jina jingine. Usitie sahihi. Kama umeshatia, nenda kaliondoe jina lako kabla wifi hajajua nilikotaka kuwapeleka. Chuo nimeshakiarifu kwamba siji. Masomo namalizia hapa hapa, na kichomeo chetu cha watu wanne.

Bi Kioo naye nimemwandikia kwamba rangi ilikuwa sawa na mimi nilimdanganya. Nikakaa kusubiri matusi, maana nilistahili. Akajibu kwamba alijua. Alisema jicho langu halijawahi kukosea rangi tangu tufahamiane, kwa hiyo siku ile kilichokosea kilikuwa kitu kingine. Jino alilikabidhi vilevile lilivyo, na amefaulu. Akaongeza kwamba kitanda cha pili chumbani kwake hajampa mtu, ananishikia mimi.

Ungedhani hapo wivu ungekwisha. Umezidi, kaka. Mashine anazo, koti analo, na sasa hata moyo anao kunishinda.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda na wapige mswaki, nisije nikawatengenezea meno mapema. Na dawa, kaka, usisahau.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba