Mshale wa Chaki kwenye Mota ya Mwisho ya Papa

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri hapa Kabondo, kisha imekatika ghafla.

Leo nimerudisha mota ya mwisho ya Papa.

Papa alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Alipofariki, wiki sita zilizopita, mota ya mashine ya kusagia ya Mama Riziki ilikuwa mezani kwake, imebaki koili mbili. Nilizimalizia mwenyewe, mimi bintiye, nikihesabu mizunguko kwa sauti kama yeye. Jumatatu nikaipangusa vizuri, nisimwaibishe.

Leo tulipoifunga kwenye mashine yake na kuiwasha, ilinguruma tu bila kuzunguka. Hilo nililijua: kapasita, kile kikopo cha kuisukuma mwanzoni, kilikufa zamani, na Mama Riziki huivuta kwa mkanda. Papa alipenda kusema kwamba hata zamani, mota za kwanza za namna hii zilingoja mkono wa mtu, mpaka wataalamu walipofikiria kupitisha umeme kwa njia mbili, wa pili ukichelewa kidogo nyuma ya wa kwanza. Ndipo nguvu ya sumaku ikazunguka yenyewe, na chuma cha ndani kikaifuata bila kuguswa.

"Kama wewe na harufu ya samaki," alikuwa akiniambia.

Nikavuta mkanda. Ikazunguka, laini kabisa. Tukamimina mihogo mikavu; mara ikaanza kurudi juu, ikaturukia usoni.

"Eh, fundi! Mota yako iko inatapika!" Mama Riziki alicheka mpaka akashika ukuta. "Mushale ya papa yako iko wapi?"

Mota hii hufuata upande wowote utakaoisukumia. Ndiyo maana Papa aliichorea mshale wa chaki.

Mimi niliufuta.

Niliuona kila siku mezani, na bado sikukumbuka ulielekea wapi.

Tukazima. Nikavuta upande wa pili, unga ukatoka.

"Bon, chora yako, mama," alisema Mama Riziki. Hakuwa akicheka tena.

Nilikuwa nimevaa koti la kazi la Papa. Mfukoni nikakuta kipande cha chaki. Mshale wangu umetoka umepinda.

Nyumbani nimekitafuta kitambaa nilichopangusia. Kiko kambani. Nilikifua jana, hakina hata vumbi.

Wakileta mota nyingine, nitazipokea. Lakini nitanunua chaki yangu. Hii imebaki ndogo kama ukucha, na sitaki imalizike.