Ninajinyima Chakula Ili Nipate Binti

Mpendwa Shangazi Editha, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana mimi ni mama wa watoto wanne, wote wa kiume, naishi upande wa Mkuyuni kwenye shamba la mama yangu, na kwetu Waluguru unajua ardhi ya ukoo hufuata mama, sasa mama kila akiona wanangu wanacheza ananiuliza, "Devotha, nikifa shamba hili namwachia nani?" halafu anamtazama mume wangu Ernest kana kwamba yeye ndiye kawaficha hao mabinti, na juzi kanieleza wazi kwamba nikizaa wa kiume tena niachane naye nitafute mwanaume mwingine, na mimi Ernest nampenda.

Basi bwana mifugo alikuja kwenye kikundi chetu cha mbuzi wa maziwa, tukamlalamikia kwamba mbuzi wanatuzalia madume, akasema kuna wanyama wa porini ambao mama akinona huelekea kuzaa dume na akiwa dhaifu huelekea kuzaa jike, kwa sababu dume dhaifu hupigwa na wenzake akakosa mke, lakini jike hata akikonda hakosi wa kumpanda, nikasema moyoni, kumbe! Nikampunguzia mbuzi wangu majani, na mimi nikawa nasonga ugali, nawapakulia watoto na baba yao, mwenyewe nakunywa chai ya rangi. Sasa nina mimba ya miezi minne, mbuzi kakauka maziwa, mimi nilipata kizunguzungu nikaanguka na ndoo, na Ernest anadhani ni malaria. Ila Josephina, mtoto wa mama mdogo, kanenepa vizuri tu na ana mabinti watupu! Na kama maziwa yanatoka kwa majike, haya madume yote ni ya nini? Sielewi tena kitu. Niendelee au niache?

Devotha, Mkuyuni

Marahaba, Devotha. Acha. Acha leo hii.

Nimeisoma barua yako sijui nicheke au nilie. Umeambiwa habari za wanyama wa porini, ukaenda kujishindisha njaa kwa chai ya rangi! Bwana mifugo hakukudanganya, ila wewe ulibeba nusu ya maneno yake. Alisema "huelekea". Ni mwelekeo mdogo, hauonekani mpaka wahesabiwe wanyama wengi sana, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Josephina na unene wake ni shahidi.

Unauliza madume ni ya nini. Chukulia mbuzi wa mlima wenu wote wangezaa majike tu, halafu mmoja akazaa beberu. Huyo beberu angekuwa baba katika kila banda, na wajukuu wa mama yake wangejaa mpaka Matombo. Wengi wao wangerithi tabia ya bibi yao ya kuzaa madume, madume yangeongezeka mpaka mengine yakose majike ya kupanda, na hapo mwenye kuzaa majike ndiye angepata wajukuu wengi. Hivyo hivyo, vizazi na vizazi, mizani hurudi karibu nusu kwa nusu. Hakuna mbuzi anayepanga, na hakuna anayekuuliza kama unataka maziwa.

Kwetu binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia. Usikimbilie kwa mama yako na habari hiyo! Ernest hachagui, kama wewe usivyochagua. Na jambo lenyewe lilikwisha siku mimba ilipotunga. Njaa yako haimgeuzi mtoto, inamdhoofisha. Hapo nimekasirika kweli, mwanangu.

Mwambie Ernest ukweli jioni hii. Kesho akupeleke kliniki, ueleze kwamba ulianguka na kwa nini, wakupime damu. Mbuzi naye mrudishie majani yake. Mama yako nampa heshima zake, lakini desturi anaijua kuliko mimi: mabinti wa Josephina ni wa ukoo huohuo, na kwenu wewe ni mama yao pia. Mwiteni mjomba, mkae, warithi wa shamba watajwe. Hiyo ni kazi ya wazee, si ya tumbo lako.

Huyo uliyembeba alishakuwa wa kike au wa kiume tangu siku ya kwanza. Anachosubiri kwako ni chakula. Ukimaliza kusoma hapa kasonge ugali, na safari hii jipakulie wewe kwanza.