Usaili wa Ijumaa na Zamu Yangu ya Mfereji

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimefua, nimepika makande. Mwanangu Namkunda kalia kutwa. Jino linaota. Jioni darasa la watu wazima, naye mgongoni. Leo tumejifunza kusema jambo linalofanyika sasa hivi. Unaweka am, is au are, halafu kitenzi chenye -ing mwishoni. I am cooking. She is crying. They are digging. Jambo la kila siku lina namna yake nyingine. Nimechoka, ila hilo nimelishika. Ijumaa ni usaili wa msaidizi wa zahanati yetu, unafanyika chini mjini Same. Mganga anaonyesha picha, unaeleza kwa Kiingereza watu wanafanya nini. Nafasi moja tu. Naitaka.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi na mtoto. You are sucking. You are biting me! Mkorofi mdogo. Nampenda hadi nakasirika.

Jumatano, 6 Machi
Baragumu limelia. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzibua mfereji, Ijumaa hiyohiyo. Kila nyumba itoe mtu. Usipofika, wanakuja kubeba sufuria zako kama faini. Mume wangu yuko bondeni kwenye mkonge, kwa hiyo mtu ni mimi. Nimemwomba ruhusa msimamizi wa mfereji. Akacheka. "Maji hayasubiri Kiingereza chako, mama Namkunda." Nimelia jikoni. Hasira, si huzuni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemkuta mama mkwe ananoa jembe, aende badala yangu. Wazee wamesamehewa msaragambo. Nikamwambia hapana mama, mgongo wako. "Nenda kaangalie hizo picha." Nikakataa tena. Akaendelea kunoa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshuka alfajiri na mtoto. Picha: mwanamke anamwogesha mwanawe. She is washing the baby. The baby is crying. Hapo Namkunda naye akaangua kilio. Nikakaa, nikamnyonyesha mbele ya mganga. I am feeding my baby. Sikuomba ruhusa.
Jioni jirani kanihadithia. Msimamizi alisema bibi kizee hahesabiwi. Mama mkwe akamjibu, "Mfereji huu niliuchimba wewe ukinyonya. Sogea." Watu walicheka hadi wakaangusha majembe. Sufuria zetu zipo. Mikono yake ina malengelenge. Nimempaka mafuta, kanikemea kwamba nayamaliza.

Jumanne, 12 Machi
Nimepata. Naanza wiki ijayo. Nimemwambia mama mkwe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Alinyoosha mikono apewe mtoto.