Tubu ya Mutarule

Jumatatu, 7 Machi
Udongo tena. Nimechekecha, nimepima gramu moja, nimetia mu maji, nimetikisa, nimemimina kwa visahani vya kuoteshea bakteria. Visahani vyangu vya juma lililopita vimejaa kuvu tupu. Udongo wa bustani yetu ya Kilibula haunitaki. Shefu wa labo amesema atakayetangulia kupata bakteria safi ya kuzuia uozo wa maharagwe ndiye ataenda staji, mafunzo ya kazi, Bujumbura. Nafasi ni moja. Niko mu labo hii miaka sita.

Jumatano, 9 Machi
Espérance, mwenzangu wa labo, alileta udongo wa kwao Mutarule mu mfuko wa sukari. Ana miezi minne tu hapa. Leo visahani vyake vina madoa meupe, mazuri, ila yamechanganyika na takataka. Shefu aliviinamia dakika nzima. Vyangu hakuviulizia. Nasikia wivu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Minye mwenyeji sijapona.

Ijumaa, 11 Machi
Umeme umekatika. Tubu za Espérance, vichupa vyembamba vya udongo na maji, tukazipasha mu sufuria ya maji, juu ya mbabula ya makala. Digrii themanini, dakika kumi: bakteria dhaifu zinakufa, zenye mbegu ngumu zinabaki. Espérance akaitwa, kuna kilio kwa shangazi yake. "Yaya Riziki, uniangalilie tubu." Ananiita yaya, dada mkubwa. Nikasema ndiyo.
Nikaongeza makala. Nikapepea. Nusu saa nzima maji yanatokota. Zife zote! Nilifurahi, Mungu anisamehe.
Aliporudi akashtuka kuona maji yanatokota. Nikamwambia ni bora hivi. Akaniamini, akamimina kwa visahani.

Jumapili, 13 Machi
Kwaya sikuimba. Na roho hii?

Jumatatu, 14 Machi
Loo! Bakteria zimeota. Madoa meupe peke yake, takataka hakuna hata moja. Moto wangu umeua zote isipokuwa ile Espérance anayoitafuta. Na ni minye nafundisha wanafunzi kila mwaka kwamba mbegu zile zinavumilia maji ya kutokota. Wivu ulinisahaulisha kazi yangu.
Espérance akanikumbatia mbele ya Shefu. "Ni yaya alichemsha! Minye ningeogopa." Nikacheka.

Ijumaa, 18 Machi
Tumeiweka bakteria ile mu kisahani kimoja na kuvu ya maharagwe. Kuvu imeshindwa kuikaribia. Staji ni ya Espérance.

Jumatatu, 28 Machi
Asubuhi amevuka mpaka kwenda Bujumbura. Ameniachia samaki wadogo, ndakala wakavu, na tubu moja mu frigo niitunze. Juu yake ameandika: Mutarule 3, imechemshwa na yaya Riziki.
Kila mwezi nitahamishia bakteria mu tubu mpya na kuandika upya karatasi ya jina lake. Leo nimeandika ya kwanza. Sikuondoa neno.